Tarehe ya Fundi wa Mawe wa Pipeline

Kabla ya kuwa mtaa, Pipeline ilikuwa bomba la mafuta. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusafiri chini ya ardhi kutoka Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 450 hivi, ndani ya bomba la inchi 14. Awali ya hapo petroli na dizeli zilipandishwa bara kwa reli na malori. Mafuta yalifika Eneo la Viwanda, na ya ndege yakapelekwa mbele hadi uwanja wa ndege wa Embakasi. Watu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wakalichukua jina hilo wakalipa ardhi iliyo kando ya Outer Ring Road, jirani na Fedha, Tassia na Mukuru kwa Njenga, na jina likashika.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1958. Waliousawazisha ni pamoja na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, wakalazimishwa kuchimba na kubeba mawe kwenye jua kali la uwanda huo. Jina la gavana wa wakati ule linapatikana kwenye kitabu chochote cha historia. Majina ya waliobeba mawe wanayajua watoto na wajukuu wao, pale ambapo kuna aliyeuliza.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Tarehe ninayotaka kuiandika ni ya mtu mmoja, baba yangu, fundi wa mawe, aliyefariki mwaka 2020 akazikwa bila wasifu wake kusomwa. Lakini habari zake haziwezi kutenganishwa na za Embakasi, kwa kuwa kuanzia siku aliposhika mwiko hadi mgongo ulipomkataza, alikuwa mmoja wa wanaume walioipandisha Pipeline kutoka ardhini hadi ghorofa ya saba.

Alikuja Nairobi kutoka Vihiga katikati ya miaka ya 1980. Vihiga ni kaunti yenye eneo dogo na watu wengi. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kufikia ujana wa baba, shamba la babu lilikuwa limegawanywa mara nyingi mpaka kila mwana akabaki na kipande cha kutosha nyumba, migomba na mashina machache ya chai. Kijana wa kiume akimaliza shule alipanda basi. Baba alishuka kituo cha Machakos Country Bus, akapokewa na binamu yake aliyekuwa akiishi Mukuru kwa Njenga, na haukupita muda akawa mjengoni kama mtu wa mkono.

Mtu wa mkono ndiye wa chini kabisa pale mjengoni. Anakoroga simiti na mchanga, anabeba karai, anamsogezea fundi mawe, na jioni anaosha vifaa vya wengine. Hakuna shule ya kazi hiyo wala cheti. Baba aliupata ufundi kwa kutazama, na kwa hisani ya mzee mmoja Mkamba ambaye saa ya chakula, wengine wakila, alimwachia mwiko wake akamwonyesha namna ya kulaza jiwe la kona. Kona ndiyo kila kitu. Kona ikilala vibaya, ukuta mzima utaifuata. Baba alimtaja mzee huyo maisha yake yote kwa heshima aliyompa baba yake mzazi, na kila alipotufundisha jambo alitanguliza maneno yaleyale: "Mwalimu wangu alisema." Mzee naye alikuwa amefunzwa na fundi mwingine. Ndivyo ufundi wa mawe ulivyoshuka Nairobi, kutoka mkono hadi mkono, bila karatasi.

Mwanzoni mwa maisha yake ya mjini, gumzo la kila mjengo lilikuwa kesi ya S.M. Otieno. Wakili huyo alikufa Nairobi Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wake wakapelekana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika, hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Baba aliwasikiliza wenzake wakibishana kila saa ya chakula: mtu aliyeishi mjini miaka yote, kwao ni wapi? Alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto, lakini alituambia kwamba wakati huo ndipo alipokata shauri lake. Nairobi ingekuwa mahali pa kazi. Yeye angerudishwa nyumbani.

Alipoanza kufanya kazi upande huu wa Embakasi, sehemu kubwa ilikuwa bado nyasi na udongo mweusi. Udongo huo ndio adui wa kwanza wa fundi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyumba iliyokalia udongo huo inavimba na kupasuka pamoja nao. Kwa hiyo msingi unachimbwa mpaka udongo uishe na mwamba uonekane. Baba alisema kazi ngumu kuliko zote alizofanya Pipeline iko chini ya ardhi, ambako hakuna mpangaji atakayeiona. Mwenye ploti asiye na subira husema, "Hapo panatosha, anza kupanda," naye fundi asiye na msimamo huanza kupanda.

Mitaa mingi ya Eastlands ina baba zake wanaojulikana. Kaloleni ilijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940. Dandora ilikuwa mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ploti 6,000 zikagawiwa watu wajijengee. Nyayo Estate, jirani yetu, ni kazi ya hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, nyumba zaidi ya 4,000 zilizopangwa kwa mistari. Pipeline haikujengwa na ofisi yoyote. Ilipanda ploti kwa ploti, kwa akiba ya mwenye ploti na mikono ya mafundi. Mwenyewe alianza na ghorofa mbili, akapangisha, kodi ikampandishia ya tatu, ya tatu ikazaa ya nne. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ghali na wapangaji wengi, ghorofa ya kwanza ilitokeza mbele kidogo kuliko ya chini, na jengo la ng'ambo likafanya vivyo hivyo, hadi ukisimama barabarani leo ukitazama juu unaona ukanda mwembamba wa mbingu kati ya kamba za nguo. Ndani, vyumba vya futi kumi kwa kumi vimepangana pande mbili za ushoroba, choo na bafu ni vya pamoja, na taa ya ushoroba haizimwi mchana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika Embakasi. Wengi wao wanalala katika vyumba vya namna hiyo.

Wapo wanaotaja Pipeline kwa dharau, wakiwalaumu wote walioijenga kwa pamoja. Wenye ploti waliokata kona wanastahili lawama, na maofisa waliofumba macho wanastahili zaidi. Lakini kijana aliyetoka Vihiga, Kisii, Siaya au Kitui alihitaji chumba chenye mlango wa kufunga, kilicho karibu na kazi ya viwandani, kwa kodi anayoiweza. Serikali haikumjengea. Baba yangu na wenzake walimjengea.

Siku kubwa katika kazi yake ilikuwa siku ya slabu. Wiki nzima kabla yake ni ya seremala na mfunga vyuma: nguzo za mikaratusi zinasimamishwa chumba kizima, mbao zinatandazwa juu yake, vyuma vinapangwa na kufungwa kwa waya. Halafu alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, wanafika watu ambao hawakuwapo jana, wanaume kwa wanawake, maana slabu ikianza kumwagwa haikatizwi. Zege la asubuhi likikauka kabla la mchana halijamwagwa, mahali yanapokutana panabaki udhaifu usiotibika. Mashine ya kukoroga inanguruma chini, inalishwa simiti, mchanga, kokoto na maji. Karai linajazwa, linapita mkononi mwa huyu, mwa yule, linapanda ngazi, mtu juu ya mtu, linamwagwa, na karai tupu linarushwa chini kabla lililojaa halijafika. Kuna anayeimba na wengine wanamwitikia, kwa sababu wimbo ndio unaopanga mwendo wa mikono. Baba husimama juu kabisa, amevaa gambuti, ana ubao mrefu wa kusawazisha, hasemi sana. Mama ndiye aliyekuwa akipika siku hizo: uji asubuhi, githeri mchana. Mwenye ploti mwema alileta mikate na soda. Kazi ilikwisha usiku, kwa taa, na kila mtu akalipwa palepale.

Nilikuwa mtoto nikiruhusiwa kukaa kando na sufuria za mama, na hadi leo sijaona kazi ya pamoja iliyonigusa kama ile.

Baada ya slabu kulikuwa na kungoja, na hapo ndipo baba alipokosana na watu. Zege huonekana gumu siku ya pili. Lakini nguvu yake ya kutegemewa huhesabiwa baada ya siku 28, na siku za mwanzo zote linataka kunyweshwa maji asubuhi na jioni. Mwenye ploti anahesabu kodi inayompita. Kila wiki ya kungoja ni hasara. Kuna mmoja aliyemwagiza baba aondoe nguzo baada ya wiki mbili ili ghorofa inayofuata ianze. Baba akakataa. Akaambiwa mafundi ni wengi, naye akakusanya mwiko wake, timazi, pima maji na kamba, akarudi nyumbani katikati ya wiki. Mwezi huo tulikula kwa deni la duka. Mama hakumlaumu hata siku moja, na hilo pia liandikwe. Baba hakuwahi tena kupita chini ya jengo lile. Alizunguka barabara ya nyuma hata mvua ikinyesha.

Mikono yake naikumbuka kuliko uso. Simiti inaunguza. Inakausha ngozi ya vidole mpaka inapasuka kwenye viungo, na chokaa yake inaingia ndani ya nyufa hizo. Jioni mama alimwekea maji ya uvuguvugu kwenye karai dogo, baba akaiweka mikono humo hadi maji yapoe, kisha ikapakwa Arimis, mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakamuaji ng'ombe ambayo mafundi wa Nairobi wameyafanya yao. Kazi ya kupaka ilikuwa yangu. Aliniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Mama, usisahau kidole gumba," alisema, na akiwa na maumivu aligeuza uso asinitazame.

Kwa mikono hiyohiyo alinifundisha hesabu. Alipima kamba futi tatu, akapima nyingine nne, akaniambia nizikutanishe kwenye pembe ya chumba. "Sasa pima kutoka ncha hii hadi ile. Ikija tano kamili, kona imenyooka. Ikizidi au ikipungua, bomoa uanze tena." Miaka baadaye mwalimu wa sekondari aliandika jambo lilelile ubaoni pamoja na jina la Pythagoras, nikainua mkono nikaeleza namna mafundi wanavyolitumia kupanga msingi. Nilipomsimulia baba jioni alifurahi hadi akamwita jirani aje asikie.

Jumapili baada ya kanisa alinunua Taifa Jumapili, akaisoma yote, hata matangazo ya ardhi, na akitaka tujue Kiswahili cha magazeti alitusomesha kwa sauti. Redioni hakukosa "Je, Huu ni Ungwana?" ya Leonard Mambo Mbotela, na alikuwa na tabia ya kuligeuza swali hilo litumike nyumbani: kumwaga maji machafu kwenye ngazi za ploti, je, huu ni ungwana? Alikuwa shabiki wa AFC Leopards wa kuzaliwa. Ubingwa wa ligi wa 1998, ambao ulikuwa wa mwisho aliouona, aliusimulia kana kwamba alicheza yeye.

Kisha tulitembea. Matembezi ya Jumapili ya baba yalikuwa kukagua kazi zake. Alipita ploti baada ya ploti, akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akitazama kona kwa jicho moja kutoka chini hadi juu. Hakuwa na daftari wala picha, ila alikuwa na kalenda yake, nami nimekuja kutambua kwamba kalenda hiyo ndiyo tarehe ya pekee ya majengo hayo niliyowahi kuisikia. "Hii ni ya mwaka wa El Niño," alisema, yaani mvua za 1997 na mapema 1998, wakati msingi ulipojaa maji wakayateka kwa ndoo. "Hii ni ya mwaka Moi alipoondoka," ikawa 2002. Kulikuwa na ya mwaka wa sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, 2004, matatu zilipowekwa mikanda na mstari wa njano na watu wa mkono wakachelewa kazini kwa kukosa usafiri. Kulikuwa na ya kura ya maoni ya katiba, ya ndizi na chungwa, 2005, iliyosimama nusu kwa kuwa mwenye ploti alisubiri aone nchi inaelekea wapi. Na kulikuwa na ile aliyoipenda zaidi, ya mwaka ambao Samuel Wanjiru alishinda marathoni kule Beijing, 2008. Watu wa mjengo huo walisikiliza mbio hizo kwenye redio ndogo iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na Wanjiru alipoingia uwanjani peke yake, alisema baba, kila mtu aliweka karai chini.

Mwaka huohuo ulikuwa umeanza kwa machozi. Ghasia za baada ya uchaguzi zilifika Embakasi, na tarehe 29 Januari 2008 mbunge wetu, Mugabe Were, akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Mijengo ilisimama. Katika ploti yetu waliishi watu wa kila kabila, na wanaume walikaa langoni usiku kwa zamu, baba akiwa pamoja na mpangaji wa chumba cha jirani ambaye watu wa nje walitaka awe adui yake. Mambo yalipotulia, mjengo wa kwanza baba alioitiwa alimchukua jirani huyo awe mtu wake wa mkono.

Bomba lililotupa jina nalo lilileta msiba. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja ikaingia kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, Eneo la Viwanda. Watu wakaenda na mitungi kuteka, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sinai walikaa vibarua wengi wa ujenzi. Baba alikwenda kuwatafuta aliowajua, na aliporudi hakutueleza alichokiona. Hatukumwuliza.

Kisha yakaja majengo yenyewe kuanguka. Aprili 2016 ghorofa iliporomoka Huruma usiku wa mvua, wakafa watu wapatao 50. Wakaguzi wakapita Eastlands wakichora alama nyekundu ya X kwenye kuta. Tarehe 12 Juni 2017 ikawa zamu yetu: jengo la ghorofa saba lilianguka Kware, hatua chache kutoka tunapoishi, baada ya nyufa kuonekana na wapangaji kuambiwa wahame. Desemba 2019 likaanguka lingine Tassia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la baba. Lakini kila mara alivaa viatu akaenda kusimama nyuma ya utepe na mafundi wenzake, kimya, wakitazama vipande vya zege na vyuma vilivyochomoza, wakisoma kosa kwa macho. Baada ya Kware alirudia matembezi yake siku za kazi, akazigonga kuta zake zote upya. Kila alipokuta ufa alimwendea mwenye ploti au keateka, mtunza jengo, akamwambia ana kwa ana, na akajitolea kuurekebisha bila malipo. Wengine walimkaribisha. Wengine walimfukuza wakidhani anatafuta kibarua.

Mwaka 2024 mwanaanthropolojia Mario Schmidt alichapisha kitabu kizima kuhusu wanaume waliohamia Pipeline na mzigo wanaobeba wakitakiwa kuwa waume na baba wenye uwezo. Nafurahi kwamba kimeandikwa. Mzigo huo niliuona kwa karibu. Kila mwisho wa mwezi baba aligawa pesa mara tatu: kodi, karo, na ya kutuma Vihiga, ambayo kabla ya M-Pesa kuja 2007 aliipitisha kwa mtu wa basi ndani ya bahasha. Kodi yenyewe aliilipa katika jengo alilolijenga kwa mikono yake. Mawe ya ukuta uliokuwa kando ya kitanda chao aliyalaza yeye. Kuna mwezi tuliochelewa, tukarudi jioni tukakuta kufuli la keateka mlangoni, naye baba akaketi ngazini, ngazi aliyoimwaga mwenyewe, mpaka mama akapata wa kumkopesha. Hakupandisha sauti. Alituambia tukae vizuri tusizibe njia ya watu.

Nyumba yake ya Vihiga ilikaa bila plasta zaidi ya miaka kumi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Kila likizo alipeleka mifuko michache ya simiti, akapandisha kozi mbili tatu, akarudi mjini. Alipoikamilisha hatimaye, aliipiga plasta ndani tu. Nje aliyaacha mawe wazi, kona nne zilizonyooka wima, ili kila mpita njia aione kazi.

Aliugua sukari kwa muda mrefu, na Mei 2020 ikamchukua. Wakati huo Nairobi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Tangu Aprili 6 hakuna aliyetoka wala kuingia bila kibali, na mazishi yaliruhusiwa watu 15 pekee. Wanaojua mazishi ya magharibi mwa Kenya wataelewa maana yake. Hakukuwa na mikutano ya jioni ya kamati, hakukuwa na basi la majirani, hakukuwa na mkesha, kwaya wala foleni ya kuaga. Majirani wa ploti na mafundi wenzake walichanga kwa M-Pesa, na walichochanga kilitosha kila kitu, ingawa mijengo ilikuwa imesimama na wengi wao hawakuwa na kazi. Asubuhi gari lilipotoka, walisimama barabarani, mmoja mmoja kwa umbali uliotakiwa, kutoka mlango wa ploti hadi stejini, wameziba pua na mdomo. Baadhi yao walikuwa wamevaa kofia za kazi.

Tulipitia Nakuru, Kericho na Kisumu, tukionyesha kibali kwenye kila kizuizi. Nyumbani, naibu wa chifu alihesabu watu. Mchungaji alipewa dakika chache. Karatasi niliyoandaa kuisoma ilibaki mkobani, maana saa ilikuwa imekwisha. Tulimzika mbele ya nyumba yake kama alivyotaka.

Tangu hapo nimeanza kuandika kalenda yake kwenye daftari. Kila Jumapili ninayoweza, napita njia zake na kuandika ploti, mwaka, mwenyewe kama anajulikana, na jina la kila aliyefanya kazi pale kama ninavyoambiwa na wale wachache waliobaki. Jina la mzee aliyemfunza kona nimelipata, pamoja na la binamu aliyempokea. Majina ya akina mama waliobeba maji siku za slabu ni magumu zaidi. Wengi wanakumbukwa kama mama fulani tu, na mtoto mwenyewe ameshahama.

Wapo mafundi wa rika lake ambao bado wanaishi Pipeline, Tassia, Kware na Mukuru, wazee sasa, wengine wanauza maji au wanalinda mageti. Ikiwa mmoja wao ni baba yako, mjomba wako au jirani yako, mchukue Jumapili mtembee naye taratibu. Mwulize aonyeshe kazi zake, ni mwaka gani, fundi mkuu alikuwa nani, watu wa mkono walikuwa akina nani, na nani alipika. Andika majina kamili, na ukiwa na picha ya zamani ya mjengo, geuza nyuma uandike pia.